Wimbo Wako, Esta, Bila Sauti Yako

Esta wangu,

Nimekaa, nimeinuka, nimekaa tena. Nimefagia kibanda ambacho kilikuwa kimeshafagiwa. Nimepanga karatasi za fotokopi, nikazipangua, nikazipanga upya. Mwishowe nimesema basi, nikuandikie, maana mikono yangu ikikosa kazi inatafuta simu, na simu ina sauti yako, na nikianza kuisikiliza siku imekwisha.

Niko hapa hapa kwetu, jirani na stendi ya Mbinga. Ukungu haujaondoka na nimevaa sweta lako la kijani, usinikasirikie. Kahawa imeiva, watu wako mashambani, wateja wanaanza kuonekana jioni. Printa bado inakwama palepale, nami naipiga kofi kama ulivyokuwa ukiipiga, lakini haielewi mkono wangu. Mwenye nyumba alikuja kuuliza kama naendelea na chumba peke yangu. Nikamwambia naendelea. Alipoondoka ndipo nikajiuliza naendelea na nini.

Jumamosi iliyopita tulikuwekea msalaba kaburini, kule kwenu Kihagara, kando ya ziwa. Nataka kukueleza ilivyokuwa, lakini lazima nianze na wimbo, kwa sababu ule wimbo ulikaribia kunitia wazimu.

Kaka yako Danieli alipanda kuja Mbinga kwa ajili yake. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikaagiza chai. Hakuigusa. Akasema siku ya msalaba familia inataka wimbo kutoka kwetu, kama ule tuliowatengenezea watu kwenye ile harusi ya Mkumbi. Kisha akainamisha kichwa. Akasema mama yako hajalia. Tangu siku ya maziko, Esta, hata chozi. Anaamka, anakwenda shamba la mihogo, anaanika dagaa wa usipa, anapika, anasali, analala. Jina lako halitamki. Mtu mwingine akilitamka, anainuka na kutafuta kitu cha kuosha. "Gaude," Danieli akaniambia, "wewe unazo sauti zake kwenye simu. Ziweke kwenye hiyo mashine yenu, aimbe hata ubeti mmoja. Mama akimsikia, labda moyo utafunguka."

Nikajibu, "Sawa, kaka." Hivyo tu, kama mtu aliyeombwa kuchapa vyeti. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalitaka jambo hilo kuliko Danieli mwenyewe.

Najua ungecheka. Wewe, kuimba! Wewe uliyekuwa ukisimama mstari wa nyuma kanisani ukifumbua mdomo bila kutoa kitu, eti usiwaharibie wenzako. "Mungu alinipa masikio, koo akampa mtu mwingine," ulikuwa ukisema. Na masikio kweli ulikuwa nayo. Mimi nilikuwa na vidole tu. Nilichapa, wewe ukauliza, na ndiyo kazi yetu yote ilivyokuwa.

Unakumbuka tulivyoanza? Watu walikuja kuchapa kadi za harusi, tukaona kwenye kompyuta ipo programu ya akili mnemba inayotunga nyimbo: unaiandikia maelekezo, inakurudishia wimbo kamili, na ngoma, na waimbaji wasiokuwepo duniani. Mimi niliandika "wimbo mzuri wa harusi" tukapata kitu kama tangazo la sabuni. Nikakata tamaa siku ileile. Wewe ukavuta kiti, ukasema mashine ni kama fundi cherehani mgeni: ukimwambia "nishonee gauni zuri" atakushonea la mwili wa mke wake.

Tangu hapo hukumwacha mteja aseme "mzuri". Yule mzee wa Mapera aliyetaka wimbo wa kipaimara cha binti yake, nadhani bado anakusimulia. Alikuja na maneno yake ameyapanga: wimbo wa furaha, wenye kuvutia, wenye kumsifu Mungu na binti. Ukamwangalia. "Baba, binti anatembeaje? Anakimbia au anajivuta? Akifurahi anapiga kelele au anaziba mdomo?" Mzee akakasirika, akasema amekuja kutafuta wimbo, siyo mchumba. Lakini akajibu. Akajibu kitu kimoja, kisha kingine, kisha tukashindwa kumnyamazisha. Ukanigeukia: "Andika. Mwendo wa mtu anayewahi gulio. Sauti moja ya msichana, nyembamba, iwe karibu na sikio. Ngoma moja, makofi kidogo. Bila kinanda, bila gitaa. Usiongeze neno." Wimbo ulipotoka, mzee alivua kofia.

Nami nikajifunza nikikutazama. Kwamba maneno ya kwanza ndiyo mashine inayoyashika, ukirundika sifa ishirini inashika mbili na kuzitupa zingine. Kwamba ni lazima kusema usichokitaka. Kwamba ukiandika "mganda", ngoma ya kwenu, inakuletea ngoma ya nchi nyingine kabisa, maana haijawahi kufika ziwani, na ukiandika "tarumbeta" inakuletea bendi ya shaba. Ulihangaika na hilo kuliko yote, kwa sababu baba yako marehemu alikuwa mpiga kibuyu kwenye mganda wa Kihagara na hukutaka utani. Mwisho ukaacha kutaja jina la chombo, ukataja mlio: mwanamume anavumisha kwa pua ndani ya kibuyu chenye utando wa buibui, sauti inakwaruza na kutetemeka, wengi kwa pamoja, na ngoma kubwa nzito inayopigwa chini. Ilipotoka ukapiga meza ukaita, "Baba!" Mtu aliyekuwa akipigwa picha ya pasipoti alishtuka akafumba macho, tukarudia picha.

Na ulinikataza kubadili mambo mawili kwa wakati mmoja. "Badili kimoja, sikiliza. La sivyo hutajua kilichoharibu ni kipi." Nilikuwa naona unanichelewesha.

Basi, nikakaa kuandika maelekezo ya wimbo wako. Unajua niliandika nini? Niliandika wasifu wa marehemu! Ule ule tunaouchapa hapa kila wiki kwa ajili ya misiba, wa kusomwa kanisani. Wimbo wa maombolezo wa kumkumbuka dada yetu mpendwa, mpole, mcheshi, mchapakazi, mcha Mungu, mwenye upendo kwa wote. Vidole vilijua njia vyenyewe. Mashine ikanipa kinanda, ikanipa kwaya ya malaika ikivuta "ooo", ikanipa mwanamke analia kwa sauti tamu tamu. Na jina la kijiji chenu ikalitamka kama la mji wa Ulaya, mpaka nikalikata silabi, Ki-ha-ga-ra, kama darasa la kwanza.

Mpole nani? Wewe, uliyemfukuza mteja kwa sababu alikula mhogo wa kuchoma juu ya karatasi safi? Nikafuta. Nikabadili kila kitu kwa mpigo, nikapata mabaya zaidi. Nikabadili tena. Nikatoka nje nikazunguka stendi, nikarudi, nikabadili tena. Siku zikapita hivyo. Nilikuwa silali vizuri, sili vizuri, nawajibu wateja kwa mkato. Kuna mama aliniomba fotokopi nikampa ya mtu mwingine.

Ikabidi nikae upande wa mteja. Nimefanya hivyo kweli, nikazunguka meza, nikakaa kwenye benchi kama yule mzee wa Mapera, nikajiuliza maswali yako kwa sauti. Bahati hapakuwa na mtu. Anatembeaje? Kama mtu aliyeacha sufuria motoni, na ndala zinamfuata nyuma zikilalamika. Akicheka? Anacheka kabla hadithi haijafika mwisho, mwisho wenyewe hatuusikii. Akikasirika? Ananyamaza na kufuta vumbi. Anaongea karibu au mbali? Karibu, anakushika mkono, huwezi kuondoka.

Halafu lile swali ulilokuwa ukiliweka la mwisho, watu wakishalegea. Kuhusu huyu mtu, ni kitu gani husemi mbele za watu?

Nina hasira naye.

Ndiyo, Esta. Nikalijibu hivyo hivyo, peke yangu kwenye benchi. Nina hasira na wewe mpaka leo asubuhi. Safari zako zote za Songea, eti unafuata karatasi na wino kwa bei ya jumla. Ulirudi na karatasi kweli, umezibeba mwenyewe, na mimi nikakupokea nikalalamika kwamba umechelewa. Kumbe ulikuwa unatoka hospitali. Kumbe uvimbe uliokuua ulikuwa nao tangu masika. Tulikaa meza moja kila siku, tukala sahani moja, ukaniuliza habari za kila mtu duniani, na hukuniambia. Mama yako hukumwambia. Danieli alipigiwa simu na mtu wa wodini, wakati tayari ulikuwa huwezi kusema. Unauliza watu maswali mpaka wanavua kofia, halafu wewe mwenyewe hukumpa mtu nafasi ya kukuuliza hata moja!

Nikarudi upande wa kuchapa na hasira hiyo hiyo. Sikuandika neno maombolezo. Niliandika mwendo wa haraka usiotulia, wa mtu anayetembea mbele ya wenzake wala hasubiri. Ngoma kubwa ya chini inatangulia waimbaji kidogo. Vibuyu vinakwaruza, vinakatiza maneno. Wanawake wa rika lako wanaimba pamoja bila ulaini, kama wanaomgombeza mtu wanayempenda. Bila kinanda, bila "ooo". Kisha nikabadili kimoja kimoja, nikisikiliza. Ulipotoka ule wenyewe, nilisimama. Ulikuwa mwendo wako unapita mlangoni. Nililia hapo, nikafunga dirisha ili watu wa stendi wasione.

Ikabaki sauti.

Nilikuwa nimeacha ubeti wa tatu kwa ajili yako, maneno tayari. Nikachagua sauti zako kwenye simu, zile ndefu ulizorekodi ukiwa ndani ya basi, na ile unayonigomba kuhusu bei ya picha. Nikaziweka kwenye kompyuta. Lakini akilini mwangu alikuwa amekaa yule mwanamume wa Mkumbi, unamkumbuka, aliyekuja na sauti ya mke wake aliyefariki, akitaka amwimbie kwenye misa ya kumbukumbu. Mtu mwenye heshima zake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta waya wa simu yake. Wewe ukamshika mkono ukamwambia, "Baba, aliye hai anaweza kukataa. Marehemu hawezi kusema hapana. Hapo mimi siingii." Akaondoka bila kuaga. Nilikugombeza mchana kutwa, nikakuita mkatili.

Sasa nikawa mimi na sauti yako, na programu ikafungua kisanduku kidogo: weka alama kuthibitisha kwamba mwenye sauti ameridhia.

Nikapeleka kidole. Nikarudisha. Nikaenda kuchemsha maji. Nikarudi. Nikajiambia wewe ni tofauti, wewe ni wangu, ungekubali. Nikajiambia pia mama yako hajalia. Nikasema Mungu anisamehe, nikapeleka kidole tena. Lakini Esta, sikujua ungejibu nini. Mtu niliyedhani namjua kuliko wote alikuwa na jambo kubwa kuliko yote na sikulijua. Ningeapaje kwamba umeridhia? Nikafunga ukurasa.

Ubeti wa tatu ukabaki hauna mwimbaji. Nilitaka kuufuta, kisha nikafuta maneno yake tu. Mahali pake nikaandika: ala peke yake, vibuyu vinyamaze, ngoma ibaki chini, mtu asiimbe. Huwezi kuamini mashine inavyoogopa ukimya. Inajaza! Ukiiambia mtu asiimbe, inaweka gitaa. Ukikataza gitaa, inaweka mtu anapiga mluzi. Nikakataza mluzi, ikaweka ndege. Nilicheka peke yangu, mara ya kwanza tangu ufe. Mwisho ikabidi niuandike ule ubeti kama chumba: ngoma moja, mapigo ya mtu aliyekaa, nafasi ndefu, mpaka nitakaposema waimbaji warudi. Ikakubali.

Ijumaa nikashuka na basi. Danieli alinipokea barabarani, akauliza kama sauti ipo. Nikamwambia haipo, na kwa nini haipo. Akabeba begi langu kwa adabu zake zote, lakini hakusema nami njia nzima, nami nilijua nimemvunja moyo mtu aliyeniomba kitu kimoja tu. Mama yako akanipokea, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akaniuliza habari za kahawa. Akanipakulia ugali wa mhogo na samaki, mbasa mkubwa kupita kiasi. Hakuuliza chochote juu yako. Alipoona sweta, aliinuka akaenda kuosha sufuria safi.

Siku ya pili mchungaji alibariki msalaba, ukasomwa jina lako lote. Nilikuwa nimesimama karibu na spika, natamani kukimbia. Siku ya maziko, sijui kama uliona, yule mshereheshaji alikuwa na ratiba ndefu: wasifu, salamu, rambirambi, kwaya ya kwanza, kwaya ya pili. Mama yako alipofungua mdomo pale kaburini, ile tu pumzi ya kwanza, spika ikasema, "Akina mama, tunaomba utulivu." Akafunga mdomo. Nilimwona akifunga. Kisha ikaingia kwaya.

Danieli akaupiga wimbo. Wanawake wakageuka kusikia ngoma ile, wengine wakaanza kutikisa mabega wakijizuia. Ubeti wa kwanza, wa pili. Halafu vibuyu vikanyamaza na ngoma ikabaki chini peke yake. Watu wakatazamana. Mshereheshaji, yule yule, akadhani spika imeharibika, akashika kipaza sauti. Danieli akamwekea mkono kifuani. Yeye ambaye hakuwa amesema nami tangu jana.

Na mama yako akaanza.

Hakulia kwanza, alisema. Kwa Kinyasa, lugha ya kwenu, akipiga kiganja juu ya simenti mbichi, akifuata ngoma bila kujua anaifuata. Mimi Mmatengo sikushika ila jina lako, Esta, Esta, Esta, na neno Songea. Wanawake wazee wakasogea wakakaa chini pande zake, wakawa wanamwitikia kila anapovuta pumzi. Sauti ilipanda, ikavunjika, machozi yakaja. Nafasi niliyoiacha ikaisha, waimbaji wa mashine wakarudi na kiitikio chao, Danieli akakizima. Hatukumaliza kuusikia wimbo wako. Mama yako alilia mpaka kivuli cha msalaba kikahama, na hakuna aliyeomba utulivu.

Baadaye Danieli akaja kukaa karibu nami kwenye mchanga. Nikamwuliza mama alikuwa anasema nini. Akanitafsiria akiangalia maji. Alikuwa anakugombeza. "Nilikubeba mgongoni ukiwa na homa, nilijua ukiumwa kabla wewe hujajua. Nani alikufundisha kuumwa peke yako? Ulikwenda Songea mimi nipo. Ulinificha mimi, mama yako, kama mtu wa kupita. Mbona hukusema? Mbona hukusema?"

Nilidhani hasira ile ni yangu peke yangu, Esta, na ni dhambi. Kumbe tulikuwa nayo wawili, yeye kule kwenye mihogo, mimi huku kwenye fotokopi, kila mtu ameifunika ili asikuvunjie heshima.

Jana mama yako alinipigia simu mwenyewe. Aliongea juu yako muda mrefu, akakuita mkaidi, akacheka, akalia kidogo, akaniuliza nimekula nini. Bado sijatulia. Mteja amesimama dirishani sasa hivi, anataka wimbo wa mama yake anayestaafu ualimu, na ameshasema "mzuri" mara mbili. Nitamfungulia, nitamwuliza mama yake anatembeaje.

Lala, mwenzangu. Lala kwa amani hapo karibu na baba yako. Sauti yako sitampa mtu yeyote aichezee, wala mimi mwenyewe. Na kuna ahadi nyingine, ngumu kuliko hiyo. Wiki hizi nimekuwa na maumivu upande wa kushoto, chini ya mbavu. Labda ni kukaa vibaya, labda ni wasiwasi. Sijamwambia mtu. Nikimaliza na mteja huyu, nampigia mama yako.

Wako,
Gaudensia